Padri Labat na pombe ya visiwa

Ilikuwa siku ya Posho, jioni, hapa Rughenda. Baridi ilikuwa inashuka kama kawaida yake, na shemeji yangu aliyekuja kutoka Ubelgiji alitoa chupa moja mu mufuko wake, akaiweka juu ya meza polepole, kama mutu anayelaza mutoto. Ilikuwa rumu ya kisiwa cha Martinique, iliyotengenezwa na melasi, kisha ikalala miaka mu pipa la mbao. Tulikuwa watu watano. Glasi zilikuwa ndogo, zile za chai.

Sisi hapa tunajua kasiksi, na kanyanga tunaijua pia, hata wale wanaosema hawaijui. Kanyanga haina mambo mengi: unaimeza mara moja, unakunja uso, unapumua kwa nguvu, basi. Shemeji alitukataza kufanya vile. Alitaka tunuse kwanza, tuzungushe glasi, tungoje. Tulimucheka kidogo, lakini tulinusa. Rangi yake ni sawa chai isiyo na maziwa. Harufu ya kwanza ni sukari iliyoungua chini ya sufuria. Kisha inakuja ndizi iliyoiva kupita kiasi, na nyuma ya ndizi, kumbe, vanila. Mutu wa Butembo hadanganywi juu ya vanila: tunailima, tunaikausha, tunaifunga mafungu, tunajua hata ile iliyovunwa mbichi juu ya kuogopa wezi. Mumoja wetu alikata neno kwamba waliitia vanila ndani. Hapana. Pombe inatoka mu mutambo ikiwa nyeupe sawa maji. Rangi ile na harufu ile ya vanila vinatoka ku mbao za pipa, zilizochomwa kidogo upande wa ndani.

Ku ulimi inaanza tamu. Moto unafika nyuma, bila kelele, na mwisho kinywa kinabaki kikavu kama umetafuna ganda la muti. Ni kitu kizuri, tusidanganyane. Mwalimu mumoja muzee aliyekuwa pamoja nasi, mutu aliyesoma seminari zamani mbele ya kuoa, aliuliza nani aliyefundisha watu wa visiwa kazi hii. Shemeji alijibu bila kufikiri kwamba ni padri, Padri Labat, na kwamba kule wanamuita baba wa rumu. Muzee aliweka glasi chini. Alitaka kujua ni padri wa namna gani huyo, na shemeji hakuwa na jibu. Mimi njo nilienda kutafuta, na nilikuta mambo mengi kuliko yale ya chupa.

Jean-Baptiste Labat alizaliwa Paris mu mwaka wa 1663. Mwaka uleule, huku Afrika, malkia Njinga wa Matamba alikufa. Mambo hayo mawili yanaonekana hayana ujamaa, lakini tuyakumbuke, tutayarudilia. Kijana Labat aliingia shirika la Wadominiko, akafundisha hesabu na filozofia ku muji wa Nancy. Angeweza kubaki vile, mwalimu wa watoto wa watu, mpaka kuzeeka. Lakini mu 1693 barua zilifika Paris kutoka visiwa vya Antilles: magonjwa yalikuwa yameua mapadri wengi, na misioni zilikuwa zinaomba watu. Labat alikuwa na miaka 30. Aliomba atumwe. Alipanda meli ku La Rochelle, na tarehe 29 Januari 1694 akashuka Martinique.

Alikuwa mutu wa kazi, hilo hata adui zake wanalikubali. Alipenda kula vizuri, alipenda kupima, alipenda kuuliza kila fundi namna anavyofanya, na usiku alikuwa anaandika. Kwanza alipewa parokia ya Macouba, kaskazini ya kisiwa. Miaka michache nyuma wakamupa kutunza mali ya misioni yote. Hapa Butembo tungesema alikuwa padri wa prokire. Mali kubwa ya Wadominiko ilikuwa shamba la miwa la Fonds-Saint-Jacques, ku Sainte-Marie, upande ule mawimbi ya bahari kubwa yanapopigia. Shamba lilikuwa na madeni, vinu vilikuwa vibaya, hesabu ilikuwa imepotea. Labat alirudisha kila kitu mu njia. Na tukitaka kuelewa rumu, tusimame kidogo hapa, juu yeye aliandika kazi yote kwa urefu, kitu kwa kitu, na maandiko yake njo watu wanasoma mpaka leo.

Miwa ilikatwa asubuhi, ikapelekwa ku kinu siku ileile, juu ukiiacha inachacha. Kinu kilikuwa magogo matatu yaliyosimama, yamevishwa chuma, yanazunguka yakigusana. Maji ya miwa yalishuka mu jiko, na ku jiko kulikuwa sufuria sita za kufuatana, tangu kubwa mpaka ndogo, na kila moja ilikuwa na jina lake: kubwa, safi, ya kufulia, ya mwenge, ya siro, na ya mwisho yenye kupigwa. Mutumwa alisimama na kijiko kirefu, anatoa povu, anahamisha maji ya moto kutoka moja mpaka ingine, usiku na mchana, kwani jiko la sukari halizimwi wakati wa mavuno. Sukari ikianza kushikana, inamwagwa mu vyombo vya udongo vyenye tundu chini. Kile kinachobaki juu ni sukari. Kile kinachotona chini, kizito, cheusi, njo melasi.

Kwa mabwana wa kwanza wa sukari, melasi na povu vilikuwa karibu uchafu. Mambo ya rumu yote yanaanza ku uchafu ule. Na hapa, mama yeyote wa kwetu mwenye kutengeneza kasiksi angeitambua kazi bila kufundishwa. Kuna chombo kirefu cha muti, kilichochimbwa sawa mutumbwi. Ndani yake wanatia maji mengi, wanaongeza melasi na povu, wanafunika, wanangoja siku mbili tatu. Inachemka peke yake bila moto. Ikitulia, wanaitia mu chombo cha shaba juu ya jiko, mvuke unapita mu bomba lililozungushwa ndani ya maji baridi, na pombe inatona. Ile ya kwanza ni zaifu. Kule waliiita maji madogo. Wanairudisha motoni mara ya pili, na hapo inatoka kali. Wenye kanyanga wetu, na mapipa yao ya chuma na mirija yao, wanafanya vile vile, na sidhani kuna mutu aliyewasomea kitabu cha padri.

Pombe ile iliitwa tafia, ao guildive. Labat hakuisifu sana. Aliandika kwamba iko kali na ina harufu mbaya, lakini bei yake ni ndogo, na kwa hiyo watumwa, Wazungu wamasikini na mafundi hawatafuti ingine. Hapo hakukuwa bado mambo ya kuilaza miaka mu pipa na kuinusa mu glasi. Mapipa ya mbao yalikuwa vyombo vya kubebea tu. Yalikuja na divai ao nyama ya chumvi kutoka Ufaransa, na hakuna mutu anayerudisha pipa tupu. Pombe iliyosahauliwa ndani yake mu safari za bahari ilibadilika rangi, moto wake ukapungua, na polepole watu wakaelewa kwamba kusahau kule kulikuwa na faida. Ku joto la visiwa, pombe nyingi inapotea ikipita mu mbao, zaidi kuliko Ulaya kwenye baridi. Ile inayopotea wafanyakazi wanaiita fungu la malaika. Ile tuliyoonja Rughenda imelipa fungu lile mwaka kwa mwaka, njo maana bei yake ni vile ilivyo.

Sasa, je, Labat ni baba wa rumu? Neno hili linasemwa ku visiwa vyote, na chombo cha shaba cha namna ile kingali kinaitwa kwa jina lake. Lakini jibu ni hapana, na ushuhuda uko mu sheria. Mu 1685, miaka 9 mbele padri hajaweka muguu Martinique, mufalme Louis wa 14 alitoa sheria juu ya watumwa wa visiwa, ile inayoitwa Code Noir. Kifungu cha 22 kinaagiza posho: kila mutumwa mwenye miaka 10 na zaidi apewe, kwa kila juma, kipimo cha unga wa muhogo, na ratili 2 za nyama ya ngombe yenye chumvi ao ratili 3 za samaki. Halafu kifungu cha 23 kinakataza mabwana kuwapa watumwa pombe ya miwa pahali pa chakula kile, na kinaitaja pombe kwa jina lake, guildive.

Musomaji wa hapa asome tena polepole. Sisi watu wa Kongo tunaita samedi siku ya Posho, juu wakati wa kazi za Wazungu, ku mashamba na ku migodi, siku ile njo wafanyakazi walipokea chakula chao cha juma. Kule visiwani bwana mwenye roho ngumu alifanya hesabu rahisi. Unga unanunuliwa, nyama inakuja na meli, lakini tafia inatoka mu uchafu wa sukari yake mwenyewe na haimukoseshi hata senti moja. Basi anagawa tafia. Mutumwa mwenye njaa anakunywa, ao anaenda kubadilisha pombe na muhogo kwa jirani, ao anaiba usiku na kupigwa asubuhi. Mufalme asingeandika kifungu kizima juu ya jambo ambalo halikuwa linafanyika. Pombe ilikuwa iko, ilikuwa nyingi, na ilikuwa imekwisha kuchukua pahali pa chakula. Labat alikuta mambo tayari. Alichoongeza ni utaratibu: jiko zuri, chombo kizuri, na hesabu iliyoandikwa.

Na hesabu zake ziko wazi kabisa. Aliandika namna ya kuongoza shamba lenye watumwa 120: sukari ngapi kwa juma, mapipa mangapi ya pombe, nguo, nyama, dawa, vyote kwa bei yake. Alitaka mutumwa ale vizuri, atibiwe, abatizwe. Mu maneno yake kuna huruma pengine, ile ya fundi anayependa chombo chake kisivunjike. Mu kitabu kilekile anaeleza mambo ya kinu. Wanawake waliokuwa wanasukuma miwa kati ya magogo walichoka usiku, wakasinzia, na vidole vikaingia. Kinu hakisimami mara moja. Kwa hiyo shauri ni kuwa na panga karibu, kukata mukono haraka, mbele mwili mzima haujafuata. Ameandika jambo lile katikati ya mambo ya sufuria na ya siro, na kalamu haikutetemeka.

Nimeona, si mbali na hapa, kijana aliyebeba matofali tangu asubuhi akilipwa nusu feza na nusu kanyanga. Alicheka, akakunywa palepale. Muke wake, aliyekuwa amekuja kuchukua feza ya unga, hakucheka. Sisemi ni utumwa. Nasema tu kwamba nilipofika ku kile kifungu cha 23, nilimukumbuka yule mama na kitenge chake kilichofungwa kiunoni, tayari kwenda sokoni.

Kuna jambo lingine ambalo mwalimu wetu muzee alilisikia akiwa ameinamisha kichwa. Linatoka mu kitabu cha Labat mwenyewe, hakuna adui aliyemusingizia. Mutumwa mwanamuke wa misioni alikuwa mugonjwa muda mrefu. Dawa za Wazungu hazikusaidia, na wenzake wakaita muganga, mutumwa wa bwana mwingine. Padri alipata habari, akaenda usiku, akachungulia. Aliona mutu amepiga magoti mbele ya sanamu ndogo ya udongo, anauliza kama mugonjwa atapona, na sauti ikajibu kwamba atakufa mu siku nne. Labat alivunja mulango. Aliamuru muganga afungwe na kupigwa karibu fimbo 300, mpaka ngozi ikatoka tangu mabega mpaka magoti. Aliponda sanamu mbele ya watumwa wote, juu waone kwamba yeye haogopi. Kisha vidonda vikaoshwa na maji ya chumvi yaliyopondwa pilipili na ndimu. Mwanamuke alikufa siku ileile iliyotajwa.

Watu wengi wa wakati ule waliamini uchawi, na Labat aliuamini kabisa. Hakuwapiga watu juu aliona ni ujinga, aliwapiga juu aliona ni shetani. Hilo linaeleza kitu, lakini halipunguzi fimbo hata moja. Aliandika vile vile kwamba mufalme Louis wa 13 alikubali utumwa mu visiwa kwa sababu walimuonyesha kuwa ni njia ya kuwaleta Waafrika ku Mungu wa kweli. Na yule aliyekuwa anatunza njia ile, mwenye daftari ya watumwa na ya mapipa, alikuwa yeye. Mwalimu aliuliza kama ku Fonds-Saint-Jacques misa ilisomwa kila siku. Bila shaka ilisomwa, palikuwa nyumba ya mapadri. Hakuuliza tena.

Alikuwa hata askari. Mu 1703 Waingereza walishambulia Guadeloupe, na padri, aliyekuwa amepima ngome na kuchagua pahali pa kuweka mizinga, alipigana pamoja na wenyeji, akisaidia kuelekeza mizinga kwa mikono yake. Jambo hili alilipenda sana. Ameliandika kwa kurasa nyingi, na mimi ninaliruka. Mu 1705 alitumwa Ulaya kwa mambo ya shirika. Alidhani atarudi upesi. Hakurudi. Aliomba, wakubwa wakakataa, na akakaa miaka mu Italia mpaka 1716, akingoja ruhusa iliyokuwa haiji. Mutu aliyeongoza majiko na vinu sasa alikuwa na kalamu tu.

Wakati alipokuwa mbali, mufalme alitoa amri ingine, mu Januari 1713: pombe ya melasi isitengenezwe wala kuuzwa mu Ufaransa. Wenye mashamba ya zabibu walikuwa wanalinda pombe yao wenyewe. Kwa hiyo rumu ya visiwa vya Wafaransa ilibaki kunywewa visiwani, ao ikapita kwa magendo kwenda kwa Waingereza wa Amerika ya Kaskazini, ao ikapanda meli kwenda pwani ya Afrika, kununua watu. Tazama muzunguko ule: mutu anauzwa kwa pombe, anapelekwa kukata miwa, na miwa ile inatoa pombe ya kununua mwingine.

Kitabu chake kikubwa juu ya visiwa kilitoka Paris mu 1722, mu mafungu 6, na kilimupa jina Ulaya nzima. Kisha hakusimama tena. Aliandika juu ya Hispania na Italia, alitengeneza vitabu juu ya Afrika ya magharibi, na mu 1732 alitoa mafungu 5 juu ya Kongo, Angola na Matamba. Hapa njo tunarudilia malkia Njinga. Kitabu kile hakikuwa macho ya Labat, kwani muguu wake haukugusa Afrika hata siku moja. Kilitoka kwa padri Mukapusini wa Italia, Cavazzi, aliyeishi kule miaka mingi na kumuzika malkia mwenyewe. Labat alikitafsiri mu kifaransa, akakata, akaongeza, akapanga upya kwa namna aliyoipenda. Wafaransa wengi walisoma habari za Kongo kwa mara ya kwanza mu maneno ya mutu aliyekuwa anajua Waafrika mahali pamoja tu, kati ya kinu na jiko.

Nilikaa muda juu ya jambo lile. Kwa yule padri, Muafrika alikuwa kwanza namba mu daftari, kisha, mu uzee wake, akawa habari ya kitabu. Na watu wa pwani ya Kongo, wa Loango na Cabinda, waliendelea kupelekwa visiwani miaka mia moja na zaidi nyuma ya kifo chake. Hata utumwa ulipokomeshwa ku Martinique mu 1848, mabwana wa sukari hawakuacha kutafuta mikono. Kati ya 1857 na 1862 Wafaransa walichukua tena maelfu ya watu kutoka pwani ya Kongo, safari hii na karatasi ya mukataba, kuwapeleka Martinique na Guadeloupe kukata miwa ileile. Wengi hawakurudi kwao. Wajukuu wao wako kule, na wengine wanakumbuka bado kwamba waliitwa Wakongo. Si sisi Wanande wa huku mashariki, ni kweli, sisi tuko mbali na bahari ile. Lakini jina la inchi ni moja.

Labat alikufa Paris mu 1738. Ku Martinique hawakumuacha afe. Watu weusi wa kisiwa, ambao hawakusoma mafungu yake 6, walikuwa na kitabu chao cha mudomo: usiku, juu ya milima, taa inaonekana ikitembea peke yake, na ile ni taa ya Padri Labat, anayezunguka bila kupumzika juu ya yale aliyoyafanya. Mama aliyekuwa na mutoto mukaidi alimuogopesha na jina lake: lala, ama Padri Labat atakuja kukuchukua. Zamani ya zaidi ya miaka mia na hamsini ilikuwa imepita, na watoto walikuwa wanafunika kichwa na shuka. Wazungu walimukumbuka kwa hesabu ya sukari. Wajukuu wa watumwa walimukumbuka kwa taa ile.

Siku hizi jina lake liko ku chupa. Ku kisiwa cha Marie-Galante, karibu na Guadeloupe, wanatengeneza rumu inayoitwa Père Labat, na kichekesho ni kwamba haitoki ku melasi, inatoka ku maji ya miwa yenyewe, namna ambayo yeye padri hakuijulisha watu. Pombe yake ya kweli, ya melasi, sawa ile ya shemeji, haina jina lake. Majengo ya Fonds-Saint-Jacques yako bado, watu wanalipa kuyatembelea. Majina ya wale waliokuwa wanatoa povu mu sufuria sita, wachache sana wanayajua.

Niliwasomea wenzangu haya yote siku ya Posho iliyofuata, nyumba ileile, baridi ileile. Shemeji alinuna kidogo. Alidhani nimemuharibia chupa. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyosha glasi yake, akanusa kwa muda murefu kama alivyofundishwa, na akasema vanila yetu ina harufu nzuri kuliko ile ya pipa. Tulibishana juu ya hilo mpaka usiku. Chupa ina bado kama glasi mbili. Shemeji atapanda ndege hapa Rughenda siku tatu zijazo, na muzee amekwisha kuuliza mara mbili itabaki kwa nani.